Mimi Sijui, Nimesikia Tu

Mwezi huu nilipanga tuzungumzie likizo na wakwe, lakini nimeahirisha. Kuna jambo limenikaa rohoni kwa muda mrefu, na nimeona kwamba nikiendelea kuwashauri watu kila mwezi huku la kwangu nimelifunika, nitakuwa mnafiki. Ni habari ya umbea. Na kabla hujaanza kumfikiria yule shoga yako wa ofisini asiyeweka kitu kifuani, ngoja kwanza. Leo mmbea ni mimi.

Tulikuwa watu 12. Wengine tulisoma pamoja chuo, wengine tulijuana kazini, wengine waliingia kupitia waume au wake zao. Tulikuwa tukicheza mchezo. Kila mwisho wa mwezi kila mtu anatoa shilingi 200,000, na mwenye zamu anaondoka na 2,400,000. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna mdhamini. Kuna kijumbe tu na daftari lake, na kijumbe wetu tulimchagua kwa sauti moja kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia amemdhulumu mtu hata shilingi mia.

Wewe unayecheza mchezo unajua kuwa zile fedha ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Jumapili ya mwisho wa mwezi tulikutana kwa mwenye zamu. Pilau linapikwa, watoto wanakimbizana uani, kina baba wanabishana Simba na Yanga kana kwamba wanalipwa. Mwenzetu alipojifungua, sisi ndio tuliokuwa tukipishana wodini na chupa za uji. Mwingine alipofiwa, sisi ndio tuliokaa jikoni siku tatu. Kwa watu kama sisi, tunaoishi mjini mbali na shangazi na mama wadogo, kile kikundi ndicho kilikuwa ukoo wetu.

Namba 12 alikuwa dada mmoja mpole ambaye aliomba mwenyewe awe wa mwisho. Alitaka fedha zimkute Januari, wakati wa ada za watoto. Kumbuka jina hilo, Namba 12, maana tutarudi kwake.

Maneno matano

Mwezi wa saba wa mzunguko wetu tulikuwa kwenye kicheni pati. Nimekaa nasubiri chakula, shosti mmoja wa mle mle kwenye mchezo akanisogelea. "Umemwona kijumbe wetu siku hizi anapanda daladala? Gari kauza. Na mumewe nasikia kazi imeota mbawa. Mimi sijui, nimesikia tu."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuuliza, "Umesikia kwa nani?" Badala yake nikajibu, "Ndiyo maana siku hizi hachangamki."

Maneno matano tu, jamani. Sikusema ameiba. Sikusema chochote kibaya. Lakini nilipoyatoa yale maneno, habari ambayo ilikuwa na shahidi mmoja ikawa na mashahidi wawili.

Usiku nikamsimulia mume wangu, na kama ilivyo ada nikamalizia na "usimwambie mtu". Yeye akamwambia rafiki yake kinyozi, tena kwa huruma, ya kwamba jamaa yetu amekwama, tumsaidieje? Rafiki yake ni mume wa mwenzetu mwingine wa mchezo. Unaweza kumalizia mwenyewe. Siku tisa baadaye habari ilinirudia kwenye simu yangu ikiwa imevaa nguo mpya: kijumbe amekula fedha za mchezo, na fulani amethibitisha. Huyo fulani ni mimi.

Nikakanusha? Hapana. Niliona aibu kueleza nilichosema na nisichosema, nikanyamaza nikijiambia yatapita.

Hayakupita. Kikafunguliwa kikundi kipya cha WhatsApp ambacho yeye hakuwemo, na mimi nikaongezwa, nikabaki. Kile cha zamani kikawa kama nyumba iliyohamwa. Yeye anaandika "Jumapili njema wapendwa", kimya. Anakumbusha tarehe ya mchezo, kimya. Mtu mzima anaelewa kikundi kikinyamaza hivyo.

Si tulisema!

Sasa angalia jinsi maneno yanavyofanya kazi kwenye kitu kinachosimama kwa kuaminiana. Watu ambao walikuwa wameshapokea zamu zao hawakuwa na cha kupoteza, kwa hiyo wakaanza kusema "tusubiri kwanza tuone". Mwezi wa tisa watu watatu hawakutoa. Pungufu likawa 600,000. Kijumbe akalijaza kutoka mfukoni mwake bila kumwambia mtu, kwa sababu hakutaka aliye na zamu aumie. Mwezi wa kumi tusiotoa tukawa watano. Pungufu likawa 1,000,000, na safari hii hakuwa nayo. Mwenye zamu akakabidhiwa 1,400,000.

Kule kwenye kikundi kipya watu wakaandika, "Si tulisema!"

Nimesema "tusiotoa", na nimesema makusudi. Mimi nilipokea mwezi wa tano. Mwezi wa kumi nikazuia changu, na nikajiona mjanja.

Mchezo ukafa hapo. Namba 12 alikuwa ameshatoa mara kumi, yaani shilingi 2,000,000, na Januari ikamkuta hana kitu. Watoto wake wawili wakahamishwa shule katikati ya darasa.

Na ukweli ulikuwa upi? Gari liliuzwa kweli. Mama yake kijumbe alikuwa anaumwa, na matibabu hayangoji mshahara. Mumewe hakufukuzwa, alihamishiwa mkoa mwingine, na dada wa watu alikuwa analea watoto na mgonjwa peke yake. Kwa nini asiwe mchovu? Fedha za mchezo hazikuguswa hata senti. Daftari lilipokuja kufunguliwa mbele ya watu wazima wawili, lilikuwa safi, hesabu zote zinakubaliana, na ule upungufu aliouziba mwezi wa tisa ulikuwa ni mkopo aliokopa yeye.

Waswahili tuna methali ambayo kila mmbea huitumia kama ngao: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeitafakari sana methali hii. Tunaisema kwa maana ya kwamba hapana moshi bila moto. Lakini isome tena kipande cha pili. Laja. Sisi tulisema mchezo utakufa, tukaacha kutoa kwa sababu tulisikia utakufa, ukafa. Jambo halikuwepo. Tulilileta wenyewe kwa miguu yetu, kisha tukajipongeza kwa kulibashiri.

Na hali hii haiishii kwenye michezo ya fedha. Ofisini mkisema bosi mpya hamtaki fulani, watu wanaanza kumkwepa fulani, fulani anaacha kuchangia kwenye vikao, mwisho bosi kweli hamtaki. Kwenye ndoa, mawifi wakisema "huyu bibi ana kiburi", salamu zake zinapokelewa kwa mapua, naye anaacha kusalimia. Haya, kiburi si hicho!

Kwani kuzungumza watu ni dhambi?

Nisije nikaonekana nimekuwa malaika kwa usiku mmoja. Kuzungumzia wenzetu ni tabia ya binadamu, na si yote mabaya. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robin Dunbar, aliandika kitabu mwaka 1996 akieleza kwamba mazungumzo ya watu kuhusu watu yanafanya kazi ile ile wanayofanya nyani wanapochambuana manyoya: yanatuweka karibu. Yeye na wenzake waliposikiliza maongezi ya watu wa kawaida, walikuta takriban theluthi mbili ya muda unakwenda kwenye habari za watu na mahusiano yao, na sehemu ndogo sana tu ndiyo ilikuwa ya kuponda mtu. Mengi yalikuwa nani kaoa, nani anaumwa, nani kapata kazi.

Bila mazungumzo hayo tusingejua nani wa kumpelekea uji wodini. Na kuna mengine ni wajibu kuyasema. Ukijua kijana anayemposa mdogo wako alikuwa akimpiga mke wake wa kwanza, ukanyamaza eti hupendi umbea, hapo umekosa. Ukijua jirani anaumizwa ndani, peleka habari kwa mtu wa kusaidia, awe mzee wa familia, mjumbe, au dawati la jinsia pale polisi. Tofauti ni nyepesi kuiona ukiwa mkweli. Taarifa inapelekwa kwa mtu anayeweza kufanya kitu. Umbea unapelekwa kwa mtu anayeweza kucheka.

Mimi pale kicheni pati sikuwa nampelekea mtu taarifa. Nilikuwa napata raha ya kujua. Tena nikisema kweli ya Mungu, kijumbe alikuwa na gari na mimi sikuwa nalo, na habari kwamba limeuzwa ilinipa kautamu fulani ambako nisingependa mama yangu akajue.

Wenzetu walikuwa na kusutana

Bibi zetu hawakuwa watakatifu. Huku pwani umbea una historia ndefu na hata una sanaa yake. Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye mwaka 1928 alikwenda hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, alisimangwa kwa asili yake na sura yake, naye akajibu hadharani kwa wimbo. Wanawake wakajibizana kwa majina ya kanga: unamvalia jirani yako ujumbe, unapita mbele ya baraza lake mara tatu, hujasema neno. Miaka ya 1990 mipasho ikatawala kumbi za Dar es Salaam, na mashabiki wa Khadija Kopa wa TOT na wa Nasma Khamis wa Muungano wakawa wanatunza fedha kama mvua.

Na kulikuwa na kusutana. Ukizushiwa jambo, unafuata mnyororo. "Nimeambiwa na fulani." Fulani anaitwa. "Na mimi niliambiwa na fulani." Naye anaitwa. Mpaka anapatikana wa kwanza, na hapo anafuatwa mpaka mlangoni kwake, mashoga wamevaa sare, matarumbeta yanalia, mtaa mzima umetoka. Ni jambo kali, na siwezi kukushauri ukakodi matarumbeta kumfuata mtu wa idara ya uhasibu. Udhalilishaji hauponyi kitu. Lakini angalia lililokuwemo ndani yake: kila mtu aliulizwa uso kwa uso umesikia kwa nani, na mwenye kuzushiwa alikuwepo.

Sisi wa leo tumebakiza udaku, tumetupa lile swali. Ubuyu unamwagwa kwenye simu, picha ya maongezi inarushwa kutoka kikundi hiki kwenda kile, na anayesemwa ndiye wa mwisho kujua. Mwaka 2019 WhatsApp yenyewe iliona bora iwekee kikomo: ujumbe mmoja usisambazwe kwa zaidi ya sehemu tano kwa mpigo. Na hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa kuchapisha habari unayojua ni ya uongo kwa nia ya kumchafua au kumtukana mtu. Lakini sheria na kampuni hazitakaa nawe kwenye meza ya kicheni pati.

Kwa wenye ndoa na wachumba

Hapa niwaambie kitu ambacho nimejifunza kwa gharama. Wengi tunaamini kumwambia mume au mke hakuhesabiki, maana sisi ni mwili mmoja. Lakini mwenzio naye ana rafiki, na rafiki ana mke. Habari yetu ilivuka kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume na kurudi tena kwa wanawake, na daraja lilikuwa kitanda changu. Na nyie kina kaka msinicheke, maana ilipitia kinyozi. Kijiweni na baa mnasengenya vile vile, ila mnaita kubadilishana mawazo.

Siku hizi mimi na mume wangu tuna utaratibu. Siri ya mtu mwingine ikiingia nyumbani, anayeileta anasema tangu mwanzo ni ya nini. "Nataka ushauri" au "nimelemewa tu, nisikilize." Kama hakuna sababu ya kuisema, inabaki mlangoni. Mwanzoni tulionana wa ajabu. Sasa tumezoea, na tumegundua tuna mambo yetu wenyewe ya kuzungumza ambayo tulikuwa tunayakwepa kwa kuzungumza ya wenzetu. Hebu jaribuni wiki moja. Kaeni mezani jioni msimtaje mtu asiyekuwepo. Mkikosa la kusema, basi mmegundua tatizo kubwa kuliko umbea.

Ufanye nini basi?

Kwanza, ukiletewa habari, uliza swali la bibi zetu: umesikia kwa nani? Usiulize kwa ukali. Utashangaa ni habari ngapi hufia hapo hapo.

Pili, chunga lile neno la kuitikia. Mara nyingi hatuanzishi umbea, tunautia chumvi. "Ndiyo maana." "Hata mimi nilihisi." "Nilijua tu." Kama hujui, sema sijui, kisha funga mdomo kweli.

Tatu, kama jambo linakuhusu, kwa mfano fedha zako zimo, nenda kwa mwenyewe. Si kwa barua, si kwa kikundi. Mpigie. "Dada, nimesikia maneno yamenitia wasiwasi, nimeona nikuulize wewe." Inahitaji moyo, najua. Lakini ni dakika kumi za aibu dhidi ya mwaka mzima wa majuto.

Nne, kama mna kikundi cha fedha, fanyeni mambo hadharani. Vikoba vingi vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti, na fedha zinahesabiwa wote mkiona. Sisi tulimwachia mtu mmoja daftari kwa sababu tunampenda, na tulipoanza kumshuku hakuna aliyekuwa na kitu cha kuangalia isipokuwa uso wake. Someni hesabu kwa sauti kila mkutano, hata kama kijumbe ni mama yako mzazi. Inamlinda yeye kwanza.

Tano, ukiwa umeshakosa, rudi njia ile ile. Ulichokisema mbele ya watu wanne, kifute mbele ya hao hao wanne. Kuomba radhi kwa siri kwa jambo ulilolisema hadharani ni nusu ya radhi.

Na wewe unayesemwa? Usijifungie ndani. Najua hamu ya kutaka kuhama mtaa. Mchague mtu mmoja mnayeheshimiana, mweleze ukweli, umwombe aupeleke. Usikimbizane na kila mdomo, utachoka bure.

Simu ulikuwa nayo

Mwaka uliofuata baba yangu alifariki. Siku ya kwanza ya msiba, kabla hata turubai halijafungwa, nilimwona kijumbe anaingia getini, kanga kiunoni. Hakuja kukaa kwenye viti. Akaenda moja kwa moja uani, akavuta sinia, akaanza kuchambua mchele pamoja na shangazi zangu. Alikuwepo siku zote tatu. Wale wa kikundi kipya walituma rambirambi kwenye simu.

Usiku wa tatu nilimfuata. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba mimi ndiye niliyesema hachangamki, na mimi ni mmoja wa watano, nisamehe. Akaendelea kuchambua mchele kwa muda. Kisha akasema, "Simu yangu ulikuwa nayo, mwenzangu. Ungenipigia tu."

Basi. Hakulia, hakunifokea. Akanisogezea sinia nimsaidie.

Nilikuwa nadaiwa miezi mitatu, 600,000. Nilimpelekea Namba 12 mwenyewe, na nikawaeleza wale wenzangu wanne nilichofanya na kwa nini. Wawili wakalipa. Wawili mpaka leo hatusalimiani. Kijumbe alikuwa ameshaanza kumlipa Namba 12 kidogo kidogo kutoka mshahara wake, deni ambalo halikuwa lake.

Mchezo hatujaufufua. Mimi na kijumbe tunaongea, tunatembeleana Idi na Krismasi, watoto wanacheza. Lakini zamani angeniambia mama yake anaumwa siku ile ile aliyojua. Sasa habari zake nazipata zikiwa zimeshapita. Sijamlaumu.

Mwezi huu, mpenzi msomaji, kuna mtu hapo ulipo ambaye siku hizi hachangamki. Usiniambie mimi. Mpigie.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa, na yale mambo ya likizo na wakwe sijayasahau.